Vibali Viwili: Mtafiti Anaporudi Kufanya Kazi Kwao

Utafiti wa nyumbani, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni kazi ya kukusanya maarifa ya kitaaluma inayofanywa na msomi katika kijiji au mji alikozaliwa, mahali ambapo wazazi wake, wajomba zake na mashangazi zake bado wanaishi na bado wanamwita kwa jina lake la utotoni. Kila mwaka wanafunzi wa umahiri na uzamivu kutoka vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, pamoja na wenzao wanaosoma Ulaya, hurudi Rombo, Pemba, Bukoba, Kisii na Lamu kwa kazi ya namna hii, nao huchagua kwao kwa sababu zinazoeleweka: lugha wanaijua, njia wanazijua, na mahali pa kulala hapalipiwi kodi. Andiko la utafiti, yaani maelezo ya mpango wa kazi ambayo mwanafunzi humkabidhi msimamizi wake kabla ya kuanza, hutaja idadi ya watu watakaohojiwa, zana zitakazotumika na miezi itakayohitajika. Halimtaji mama anayepaswa kupelekwa kliniki ya shinikizo la damu, wala kikao cha ukoo juu ya mpaka wa shamba, wala harusi ya binamu ambayo kamati yake imekwisha kumwandika msomi huyo kuwa mweka hazina kabla hajapanda basi. Mambo hayo huchukuliwa kuwa ya pembeni, ilhali kwa mtu aliye kwao ndiyo yanayoamua kazi itafanyika lini, itafanyika na nani, na itafika wapi.

Chanzo cha ukimya huo kiko katika namna taaluma yenyewe ilivyojengwa. Bronisław Malinowski, msomi mzaliwa wa Poland aliyeishi katika visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuchapisha kitabu chake mashuhuri juu ya visiwa hivyo mwaka 1922, aliacha mfano uliofuatwa na vizazi vya wanaanthropolojia, yaani wataalamu wa maisha na mila za binadamu. Kwa mfano huo, mtafiti ni mgeni anayewaacha jamaa zake mbali, anapiga hema katikati ya watu asiowajua, anajifunza lugha yao na kushiriki shughuli zao huku akiandika anachokiona, njia ambayo kwa Kiswahili cha kitaaluma huitwa uchunguzi shirikishi. Mahali pa kazi hiyo huitwa uwandani, na dhana yenyewe ya uwanda imebeba umbali ndani yake: uwandani ni kule, nyumbani ni huku, na mtu hawezi kuwa kotekote kwa wakati mmoja. Hata hivyo, shajara ya Malinowski iliyochapishwa mwaka 1967, miaka 25 baada ya kifo chake, inaonyesha kwamba umbali haukumwepusha na wajibu wa kifamilia, kwa kuwa mama yake alifariki Poland mwaka 1918 yeye akiwa visiwani, na kurasa za mwisho za shajara hiyo ni za mwana anayeomboleza mzazi ambaye hakumzika.

Miongoni mwa wanafunzi wa Malinowski huko London alikuwamo Jomo Kenyatta, ambaye mwaka 1938 alichapisha kitabu juu ya maisha ya Wakikuyu, mwalimu wake akikiandikia utangulizi. Kenyatta aliugeuza mfano wa mwalimu wake, maana aliandika juu ya watu wa kwao na akautaja ujamaa wake nao, pamoja na kupitia kwake hatua za jando na rika, kuwa ushahidi kwamba anayoyasema anayajua. Lakini kitabu hicho, ambacho sura zake nyingi zinahusu ukoo, ndoa, malezi na ardhi ya familia, kiliandikwa na mtu aliyekuwa mbali na familia yake. Kenyatta aliondoka Kenya mwaka 1931 na hakurudi hadi mwaka 1946, huku mkewe Grace Wahu na watoto wao wakibaki nyumbani. Jambo hili halitajwi hapa kwa kumlaumu, kwa kuwa safari yake ilikuwa ya kisiasa na njia ya kurudi haikuwa nyepesi. Linatajwa kwa sababu linaonyesha kwamba hata mwenyeji aliyejulikana kimataifa kwa kuandika juu ya kwao aliiandika familia akiwa mbali nayo, na kwa hiyo hakuwaachia waliomfuata mfano wa namna ya kushika daftari kwa mkono mmoja na mgonjwa kwa mkono wa pili.

Mtafiti wa leo anayerudi kwao huhitaji vibali viwili. Cha kwanza kinajulikana na kina muhuri. Nchini Tanzania msimamizi mkuu wa shughuli za utafiti ni Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na kwa wanafunzi na wahadhiri wa baadhi ya vyuo vikuu vya umma barua ya ruhusa hutolewa na Makamu Mkuu wa Chuo. Barua hiyo hushuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikateremka wilayani, ikafika kwa Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Kijiji, na mwisho ikasomwa na mwenyekiti wa kitongoji ambaye mara nyingi ni mtu aliyesoma na mtafiti shule ya msingi. Nchini Kenya kazi hiyo iko chini ya tume iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013, na safari ya karatasi huishia kwa chifu na naibu wake. Kibali cha aina hii husema mtu ataanza lini na atamaliza lini, atauliza nini na wapi.

Kibali cha pili hutolewa na ukoo, nacho hakiandikwi. Hutolewa pale mtafiti anapokwenda kuwaamkia wazee kwa mpangilio unaokubalika, akianza na mkubwa wa ukoo kabla ya baba mdogo. Anapopeleka sukari na majani ya chai kwa bibi. Anapouliza habari za makaburi yaliyoongezeka tangu alipoondoka na kwenda kuyaona. Asiyepata kibali hiki anaweza kuwa na mihuri yote ya serikali na bado akajibiwa kwa adabu na maneno matupu. Tofauti kubwa kati ya vibali hivi ni kwamba cha ukoo hakina tarehe ya mwisho: kikishatolewa humfuata mtafiti hadi chuoni, humwita usiku kwa simu, humdai mchango wa ada ya mtoto wa dada yake miaka mitatu baada ya shahada kutunukiwa, na hakuna ofisi inayoweza kukifuta.

Uzito wa kibali hiki hutegemea nafasi ya mtu katika familia kuliko elimu yake. Mfano mzuri ni mkoa wa Kilimanjaro, ambako maisha ya Wachaga yamejengwa juu ya kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, lenye migomba, kahawa, miti na zizi, na ambamo wazee wa ukoo huzikwa. Mila iliyozoeleka huko ni kwamba kihamba cha wazazi hubaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho, ambaye pia hutarajiwa kuwatunza wazazi katika uzee wao. Kitindamimba anayerudi na barua ya chuo kuchunguza mifongo, yaani mifereji ya asili inayoteremsha maji kutoka kwenye msitu wa mlima hadi mashambani, hapokewi kama mtafiti. Anapokewa kama mrithi aliyechelewa kurudi, naye ataulizwa habari za paa linalovuja kabla hajauliza habari za zamu za maji. Kaka yake mkubwa aliyekwisha kupewa sehemu yake angefanya utafiti uleule kwa utulivu zaidi. Hesabu ya namna hii si rahisi kuikuta katika vitabu vya mbinu za utafiti, na ingefaa iwemo, kwa sababu watu wawili wenye shahada moja, ruzuku moja na kijiji kimoja wanaweza kuwa na muda wa kazi unaotofautiana kwa nusu.

Hakuna mahali ambapo wajibu na utafiti hukutana kwa ukaribu kuliko msibani. Msiba ukitokea, kazi za kijiji husimama, na mtafiti anayetaka kuendelea na mahojiano siku hiyo hatampata wa kumhoji, na akimpata atakuwa amejiharibia jina. Turubai hufungwa uani, viti vya kukodi huletwa kwa mkokoteni au pikapu, wanaume hukaa nje wakizungumza na kucheza bao au karata, wanawake huketi kwenye mikeka nyuma ya nyumba wakimenya ndizi na kuchambua mchele, na mezani karibu na lango huwekwa daftari la rambirambi, kitabu ambamo huandikwa jina la kila anayetoa pole ya fedha pamoja na kiasi alichotoa. Kazi ya kushika daftari hilo mara nyingi hupewa msomi wa familia, kwa hoja kwamba ana mwandiko mzuri na anaaminika kwa hesabu. Kwa nje inaonekana ni kazi ya ukarani inayomla mtafiti siku tatu nzima. Kwa undani, aliyekaa mezani pale huona yale ambayo hojaji, yaani orodha ya maswali yaliyoandaliwa kwa ajili ya wahojiwa, haiwezi kuyachota: ni upande gani wa ukoo umekuja kwa wingi na upande gani umetuma bahasha tu, nani ametoa kwa jina la kikundi cha kuweka na kukopa na nani kwa jina la jumuiya ya kanisa au msikiti, jirani yupi ametoa kiasi kilekile alichotolewa yeye alipofiwa, kwa kuwa alikwenda kwanza nyumbani kuangalia daftari lake la zamani. Uchumi wa kutoa na kurudisha, ambao wanasosholojia wameuandikia vitabu, umelala pale katika safu mbili za kalamu ya bluu.

Kazi ya pili anayopewa msomi ni kuandika historia ya marehemu, maelezo mafupi yanayosomwa kabla ya mazishi, yakitaja mahali alipozaliwa, shule aliyosoma, kazi alizofanya, ndoa yake, watoto aliowaacha na ugonjwa uliomchukua. Maelezo hayo huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, kwenye karatasi ya daftari la shule, na mwandishi hulazimika kupita kwa wazee mmoja mmoja akilinganisha kumbukumbu zao, maana shangazi anasema marehemu alizaliwa mwaka wa njaa na baba mkubwa anasema alizaliwa mwaka uliofuata, na kuna mtoto wa nje ambaye upande mmoja wa familia unataka atajwe na upande wa pili unataka anyamaziwe. Anayeifanya kazi hiyo kwa uangalifu anatumia ustadi uleule aliofundishwa chuoni wa kupima ushahidi wa mdomo, kulinganisha vyanzo na kutambua masilahi ya msemaji, na anautumia mbele ya watu ambao kesho yake wataisikia kila sentensi na kuisahihisha kwa sauti. Ni vigumu kufikiria mtihani mkali zaidi kwa mwanahistoria, na inasikitisha kwamba vyuo huuhesabu muda huo kuwa muda uliopotea.

Hata hivyo, hapa ndipo panapozaliwa hatari kubwa kuliko ya kukosa muda. Maadili ya utafiti husimama juu ya ridhaa ya hiari, maana yake kwamba mtu anayetoa taarifa anajua zitatumika vipi na amekubali bila kushurutishwa. Mgeni akija na kinasa sauti chake, kila mtu anajua kwamba anasema na mtafiti. Mtoto wa nyumbani anapokaa jikoni na mama yake mdogo wakimenya viazi, anaambiwa habari za ndoa, madeni, uchawi na mirathi kwa sababu ni mtoto, na anayemweleza hana habari kwamba mbele yake kuna daftari lililofungwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ilitangulia kwa sheria kama hiyo mwaka 2019. Zote mbili huhitaji taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana na halali. Lakini sheria huishia mlangoni, na ndani ya nyumba kinachobaki ni uaminifu wa mtafiti. Njia iliyo ya heshima, ingawa ni ndefu, ni kuyaacha maneno ya jikoni jikoni, kisha kurudi siku nyingine, kwa miadi, na kusema wazi: yale uliyonieleza juzi yananifaa katika kazi yangu ya chuo, je, waridhia niyaandike, na niyaandike vipi? Wapo watakaokataa. Mtafiti atakayeheshimu kukataa huko atapoteza aya nzuri na atabaki na shangazi, na mwandishi wa makala haya anaamini kwamba hilo ndilo chaguo sahihi hata pale aya inapokuwa nzuri sana.

Mzigo wa wajibu haugawanywi sawa kati ya mwanamume na mwanamke, na ukweli huu unastahili kuangaliwa kwa karibu. Mtafiti wa kike anayekaa kwa wazazi wake katika vijiji vya juu vya Marangu au Kibosho huamka kabla ya jua kutoka, kwa kuwa binti hawezi kulala mama yake akifagia uwanja. Atawasha moto, atapika uji, atampima baba sukari kwa kidole na kumpa dawa kabla hajala, ataosha vyombo vya jana, na hapo ng'ombe wa zizini, ambao huko hufugwa ndani na kuletewa chakula, watakuwa wanalia njaa. Majani yao hukatwa mbali, mengine hubebwa kutoka tambarare za chini, na ni kazi ya wanawake. Miadi yake na mzee wa mfongo ni saa tatu asubuhi. Atafika saa nne akiwa na matope miguuni, mzee atakuwa amekwenda shamba, na siku itakuwa imeishia hapo. Jioni, wakati ambapo kanuni ya kazi inamtaka aandike kwa kirefu yote aliyoyaona kabla hajalala, kwa kuwa undani wa mazungumzo husahaulika upesi, yeye yuko jikoni akisubiri ndizi ziive, na saa nne usiku anaandika mistari sita ya mkato akisinzia. Kaka yake anayefanya utafiti wa aina hiyohiyo hukuta chai mezani na huachiwa sebule aandike. Tofauti kati ya tasnifu zao itakapoonekana, msimamizi atasema mmoja ana maelezo ya kina na mwingine hana, wala hatajua kwamba tofauti hiyo ilipikwa jikoni.

Wanawake wasomi wamelieleza suala hili kwa kina kuliko wanaume. Mwaka 1988 wasomi wawili wenye asili ya Kiarabu, Soraya Altorki na Camillia Fawzi El-Solh, walihariri kitabu kilichokusanya maelezo ya wanawake wa Kiarabu waliofanya utafiti katika jamii zao. Altorki mwenyewe alichunguza familia za tabaka la juu la Jeddah, mji aliohusiana nao kwa damu, ambako ilimpasa kufuata adabu zote zinazotarajiwa kwa binti wa mji. Katika kitabu hichohicho Lila Abu-Lughod, ambaye baba yake alikuwa Mpalestina, alieleza jinsi baba huyo alivyomsindikiza hadi kwa Mabedui wa Awlad Ali nchini Misri na kumkabidhi kwa wenyeji wake. Mwanzoni binti aliona haya kwenda kazini na mzazi. Baadaye alielewa kwamba kusindikizwa kule ndiko kulikomfanya aonekane mtoto wa watu, mwenye ukoo unaomjali, na ndiko kulikomfungulia milango ya wanawake wa jamii hiyo. Wajibu wa binti mtiifu ulimfunga katika mambo mengi, kwani hakuweza kutembea apendavyo wala kukaa na wanaume apendavyo, lakini mashairi mafupi ya huzuni na mapenzi ambayo wanawake waliambiana faragha, ambayo ndiyo yaliyoipa jina kazi yake, asingeyasikia kama angekaa hotelini.

Afrika Mashariki ina mfano wake, ingawa haukutoka katika anthropolojia. Wangari Maathai, ambaye mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu jijini Nairobi na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia ngazi hiyo, alikuwa katika miaka hiyo mhadhiri wa anatomia ya mifugo, mke na mama wa watoto wadogo. Sehemu ya utafiti wake ilihusu kupe anayeeneza ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe wengi wa ukanda huu, na ili kuwakusanya kupe hao alizunguka vijijini, akaona mito iliyojaa udongo na mifugo iliyokonda kwa kukosa malisho. Jambo lililomgusa zaidi, kwa maelezo yake katika kitabu cha maisha yake, alilikuta alipokwenda Nyeri kuwatembelea jamaa zake: mkuyu mkubwa uliokuwa ukiheshimiwa tangu utoto wake ulikuwa umekatwa na mmiliki mpya wa ardhi aliyetaka nafasi ya kupanda chai, na kijito alichokuwa akichezea karibu yake kilikuwa kimekauka. Mtu asiye na kumbukumbu ya kijito kile asingeona kwamba kuna kitu kimeondoka. Ujuzi wa maabara ulimpa maelezo ya uhusiano wa mizizi na maji, lakini pengo lenyewe lilionekana kwa jicho la binti aliyerudi kusalimia, na kutoka katika miaka hiyo ndipo lilipotoka Vuguvugu la Ukanda wa Kijani aliloliasisi mwaka 1977.

Ugumu mwingine wa kufanya kazi nyumbani uko katika kuuliza. Mgeni anaruhusiwa kuuliza jambo lolote, hata la kitoto, na watu watamfundisha kwa furaha. Mwenyeji akiuliza kwa nini mahari hulipwa kwa mafungu au kwa nini mkwe haketi na mama mkwe wake, atajibiwa kwa swali: je, wewe si mtoto wa hapa? Baadhi ya watafiti hulitatua jambo hili kwa unyenyekevu, wakimwendea mzee na kumwomba awafundishe kana kwamba wamekuja jandoni upya, na wazee wengi hulipokea ombi hilo kwa hamu, kwa sababu ni muda mrefu hawajaulizwa na vijana. Wengine hutumia utani, uhusiano wa kimila unaowaruhusu watu wa jamii mbili, kama Wachaga na Wapare, kusemana na kuulizana bila kukasirikiana. Mtani mwenye ulimi mzuri anaweza kuuliza mbele ya kadamnasi jambo ambalo mtoto wa nyumba hathubutu, na mtafiti mwerevu humwalika mtani huyo akae karibu. Faida ya mwenyeji huonekana pale lugha inapokuwa nzito. M. M. Mulokozi, aliyeandika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 juu ya tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa enanga, ala ya nyuzi ya huko Kagera, alishughulikia maneno ya kale na mafumbo ya kishujaa ambayo asiyekua katika lugha hiyo angeyapita bila kujua kwamba yamebeba kitu.

Fedha nazo husema mengi. Ruzuku ya utafiti huwa na kifungu cha posho ya kujikimu, na wapimaji wa bajeti huelekea kukipunguza wanaposoma kwamba mwombaji atakaa kwa wazazi, kwa dhana kwamba huko atakula na kulala bure. Ukweli ni kinyume. Anayekaa nyumba ya wageni hulipa chumba na chakula chake. Anayekaa nyumbani hununua mchele wa watu wanane, hujaza mtungi wa gesi, hulipa bili ya maji iliyokuwa ikisubiri, huchangia harusi mbili na ubatizo mmoja, na hawezi kuonyesha stakabadhi hata moja kati ya hizo kwa mhasibu wa chuo. Sheria za kazi pia huiona familia kwa jicho jembamba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi siku zisizopungua nne za likizo yenye malipo anapouguza au kufiwa na mtoto, au anapofiwa na mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mjomba hatajwi, shangazi hatajwi, baba mdogo aliyemlipia mtafiti ada ya sekondari hatajwi, na siku nne hazifikishi mtu kwenye kumaliza tanga, sembuse hitima ya siku ya arobaini. Mhadhiri aliye kwao kwa utafiti hujikuta akiandika katika ripoti yake kwamba wiki hiyo ilitumika kwa uchambuzi wa data, ilhali ilitumika kaburini. Uongo mdogo wa namna hiyo huanza kwa sababu fomu haina mahali pa kuandikia ukweli.

Kinachoweza kufanyika hakihitaji mageuzi makubwa. Baadhi ya wasimamizi wazuri wamekwisha kuanza kuwataka wanafunzi wao waandike, pamoja na ratiba ya mahojiano, ratiba ya pili ya mambo ya nyumbani yanayojulikana mapema: msimu wa kuvuna kahawa au karafuu, Ramadhani, kliniki za wazazi, harusi zilizokwisha tangazwa. Ratiba hiyo huonyesha wiki zipi ni za kuhoji na zipi ni za kazi zinazoweza kufanyika ukiwa umekaa na mgonjwa, kama kunakili sauti zilizorekodiwa. Familia nayo huelewa zaidi ya inavyodhaniwa, ikiambiwa. Baba anayeona binti yake amekaa na daftari hadhani anafanya kazi, maana kazi anayoijua hutoa jasho. Lakini akikalishwa na kuelezwa kwamba maandiko yale ndiyo yatakayompa binti cheo, na kwamba kuanzia alasiri hadi magharibi hapaswi kutumwa, mara nyingi ndiye atakayesimama mlangoni kuwarudisha wageni. Mapatano ya aina hiyo hufanikiwa yakifanyika wiki ya kwanza. Wiki ya nne, baada ya manung'uniko kukusanyika, huwa yamekwisha kuwa ugomvi. Pale inapowezekana, kumlipa kijana wa jirani akate majani ya ng'ombe kwa miezi miwili ni gharama halali ya utafiti sawa na betri za kinasa sauti, na hakuna sababu ya kitaaluma ya kuikataa katika bajeti.

Inabaki kazi ya mwisho, ambayo mgeni huweza kuikwepa na mwenyeji hawezi. Tasnifu ikikamilika huwafikia waliotajwa ndani yake, hata ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa kuna mpwa atakayeisoma kwenye simu na kuwatafsiria wakubwa sebuleni, nao watajitambua hata majina yakiwa yamebadilishwa, maana katika kijiji kimoja mzee mwenye wake wawili aliyewahi kuwa mwenyekiti wa mfongo ni mmoja tu. Kwa hiyo inampasa mtafiti arudi kabla ya kuwasilisha kazi yake, akae na kila anayehusika, amsomee kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani sehemu zinazomhusu, na kukubali kusahihishwa tarehe, kubishiwa tafsiri na kuombwa aondoe jambo. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, kwa sababu hakuna mzee atakayesomewa kurasa kumi bila kuhoji habari za watu wengine waliotajwa, na bila chai. Wiki hizo zinafaa ziandikwe kwenye mpango wa utafiti tangu siku ya kwanza, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi na gharama ya kudurufu muhtasari wa Kiswahili utakaobaki katika ofisi ya kijiji.